Goti la Jumanne

"Goti limefika?" muuguzi wa kliniki aliuliza bila kuinua uso kutoka kwenye daftari lake.

"Limefika," mshonaji akajibu.

Mumewe alikuwa hatua tatu nyuma yake, anajikokota kwa mkongojo. Wiki za kwanza mama huyu alikuwa akijibu, "Tumefika, dada," akitumaini muuguzi ataona tofauti. Hakuiona. Hii ilikuwa Jumanne ya kumi na moja, na mtu huchoka kumfundisha adabu mtu mzima mwenzake.

Chumba cha mafunzo kilikuwa mwisho wa korido, kinanuka dawa ya sakafu. Katikati kulikuwa na kitanda kimoja kilichofunikwa plastiki, na kukizunguka walisimama madaktari kumi na wawili waliokuwa wakisomea ubingwa wa mifupa, viungo na majeraha ya michezo. Wengine walikuwa wanamalizia kutafuna. Mume wa mshonaji, fundi wa ujenzi, akavua suruali, akampa mkewe aishike, akabaki na kaptura ya lastiki. Mkewe ndiye aliyemshonea kaptura hiyo kwa shughuli hii tu, kwa sababu ile ya kawaida ilibana pajani na Profesa alikuwa amelalamika kwamba haoni msuli.

"Haya, nani atamsalimia Golikipa wetu?" Profesa alisema akiingia.

Wakacheka. Hakuna aliyemsalimia.

Fundi hakuwa golikipa wa kusifika. Kazi yake ilikuwa kupiga lipu. Siku moja ya mapumziko timu ya mafundi wa jengo ilicheza na timu ya madereva wa malori, naye akaruka kudaka kona, akatua mguu mmoja ukiwa umegeukia kwingine. Mpira aliudaka. Goti ndilo lililomponyoka.

"Shika paja kwa mkono huu, muundi kwa huu, vuta mbele," Profesa alieleza huku akivuta. "Goti zima linagota, kama droo iliyofika mwisho. Hili halina mwisho. Linakuja tu. Kano ya msalaba imekatika. Kipimo cha pili ndicho kinachowatoa jasho watu kwenye mtihani: nyoosha, sokota mguu kwa ndani, sukuma kutoka ubavuni, kunja polepole. Mfupa unaruka nje na kurudi. Lakini wagonjwa mia watakaza misuli mkiwagusa tu, na msuli ukikaza hamwoni kitu. Huyu analegea kama nguo iliyoloa. Mnaijua siri yake? Mama, ile dua."

Ile dua. Jumanne ya kwanza fundi alikuwa amepiga ukelele, mguu ukawa gogo. Mkewe, kwa huruma tu, aliinama sikioni mwake akamsomea maneno anayoyasema kila alfajiri kabla ya kugusa cherehani: Bwana, mwili huu ni wako, legeza palipokaza, tuliza panapotetemeka. Mguu ukalegea. Profesa akasema, "Ajabu." Tangu siku hiyo aliiagiza dua kama mtu anayeagiza taa iwashwe.

Mshonaji akainama, akasema maneno yake. Mguu ukalegea. Wakaanza kupokezana.

Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mmoja alichora mshale kwa kalamu ya wino juu ya goti ili asisahau upande. Mwingine aliuliza, "Naweza kurudia?" akamwuliza Profesa, hakumwuliza mwenye mguu. Daktari wa miwani, binti mwembamba, alishika taratibu, akamaliza haraka, akarudi nyuma ya wenzake. Wa tisa alikuwa jamaa mwenye mabega mapana na viganja vyenye jasho. Alisokota kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa kilichogoma.

Goti likalia. Haikuwa ile sauti ya siku zote. Hii ilikuwa fupi na kavu, ko, kisha mguu ukakwama, haunyooki wala haukunjiki. Fundi akaushika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili.

Profesa akamsukuma jamaa kando, akaupapasa mguu, akautikisa, akauzungusha mara mbili. Ukaachia. Alipoinuka uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Mmesikia? Wiki iliyopita haikuwepo hii. Sasa tuna vitu viwili kwenye goti moja."

"Profesa, mimi nilikuwa mbali," mmoja akasema. "Naomba na mimi nisikie."

Wakapanga foleni. Mshonaji alisimama na suruali ya mumewe mikononi, akawatazama watu wazima, wasomi, wakisogea mmoja mmoja na sikio limeelekezwa chini. Mate yalimjaa mdomoni. Aliyameza kwa sababu hakuona pa kuyatema.

Baadaye waliletewa chai na vipande viwili vya mkate kwenye sinia, kama kila Jumanne. Mshonaji hakugusa. Mumewe alikula vyote viwili, jasho bado linamtiririka shingoni, akasema, "Leo walikuwa makini sana."

*

Nyumbani fundi aliweka mguu juu ya stuli, akamwita binti yao wa darasa la saba.

"Lete kitabu chako nikufundishe kitu. Hili lililovimba hapa wanaita nini?"

"Goti, baba."

"Goti ni la watu wa kawaida. Ndani mna kano, mna gegedu, mna ute. Mimi nafundisha madaktari, mwanangu. Jumanne ijayo hakuna darasa, Ijumaa yake wanakuja watahini wawili kutoka nje, na Profesa amesema bila mimi hakuna mtihani."

"Wanakulipa?"

"Wananiheshimu."

Mama mtu alikuwa anaufuta mshale wa wino kwa kitambaa cha maji ya moto. Wino ulikuwa umegoma. Akasugua tena.

Hodi ikapigwa. Alikuwa msimamizi wa ujenzi, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Alikataa kiti.

"Fundi, ghorofa ya tatu inafungwa, lipu inaanza. Nimekushikia nafasi yako miezi mitatu, na kuna vijana wanaizunguka kama nzi."

"Upasuaji unakuja, bosi."

"Unakuja unatoka wapi, mbona haufiki?" Msimamizi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nipe tarehe. Ukinipa tarehe naishikilia nafasi kwa tarehe. Bila tarehe naishikilia kwa nini, kwa meno?"

Fundi akatazama ukuta wa chumba chake, ambao aliupiga lipu mwenyewe, laini kama sahani.

"Kesho nitakuletea tarehe," mshonaji alisema. "Naenda mwenyewe."

*

Katika hospitali ile mgonjwa hujibebea faili lake kutoka masjala mpaka kliniki. Juu yake pamegongwa muhuri: MGONJWA ASIFUNGUE. Kwa Jumanne kumi na moja mshonaji alikuwa amelibeba faili la mumewe kifuani kama mtoto wa jirani, bila kulichungulia.

Siku hiyo alikaa kwenye ngazi, akalifungua.

Mengi yalikuwa mikwaruzo ya madaktari. Lakini ukurasa wa nne ulikuwa na mwandiko safi. Juu: *Upasuaji, tarehe 14.* Ilikuwa tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita. Juu ya maneno hayo mstari mwekundu ulikuwa umepitishwa kwa rula. Pembeni, kwa kalamu hiyo hiyo nyekundu: *Ahirisha. Kielelezo bora. Abaki hivi hadi mtihani upite.* Na saini ya Profesa.

Alisoma mara tatu. Kisha akatoa kwenye mkoba daftari lake la vipimo, akayanakili maneno yote chini ya vipimo vya sketi ya mteja. Akalifunga faili, akainuka, akaenda kwa Profesa.

Profesa alikuwa ofisini, anamenya chungwa.

"Aa, mama wa dua. Karibu. Golikipa wetu hajambo?"

"Hajambo kidogo, Profesa. Nimekuja kuuliza tarehe."

"Itapangwa."

"Ilikwisha kupangwa. Ikafutwa."

Profesa akaliangalia faili mikononi mwake. "Mgonjwa haruhusiwi kufungua hilo."

"Mimi si mgonjwa."

Akatia kipande cha chungwa mdomoni, akafikiri huku akitafuna. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha mshonaji.

"Sikiliza, mama. Goti si moyo. Goti husubiri. Vijana wale lazima wajifunze kwa mwili wa mtu, hakuna namna nyingine. Leo wanajifunza kwa mumeo, kesho watatibu maelfu. Hiyo si thawabu? Wewe mtu wa dua unalielewa hilo kunizidi." Akatema kokwa kiganjani, akatafuta pa kuiweka, akaiweka kwenye kisosi. "Lakini kama mnaona mnacheleweshwa, orodha ya kawaida ipo. Huko sasa wanaandikisha watu wa mwishoni mwa mwaka ujao. Mchague wenyewe."

Mshonaji alikuwa amezoea kulisikia neno thawabu likisemwa na watu waliopiga magoti. Kulisikia likitoka katika mdomo uliojaa chungwa kulimfanya aone kama mtu amejifutia mikono kwenye nguo yake ya ibada. Akaaga kwa heshima. Hakujua afanye nini kingine.

Kwenye korido alisikia viatu nyuma yake.

"Mama, nisubiri kidogo." Alikuwa yule daktari wa miwani. Alitazama nyuma kwanza. "Ile sauti ya jana. Ndani ya goti kuna gegedu, ni kama kitambaa kilichowekwa katikati ya mifupa isisagane. Kano ikishakatika, kila tunaposokota, mifupa inakitafuna. Jana kimechanika, kipande kikaingia katikati. Ndiyo maana mguu ulikwama."

Mshonaji alilielewa hilo upesi kuliko alivyotaka. "Kikichanika kinashoneka?"

"Kikiwahiwa, mara nyingi kinashoneka. Kikitafunwa sana kinakatwa na kutupwa."

"Na Profesa analijua hilo?"

"Yeye ndiye aliyetufundisha."

Mtu wa usafi akapita na ndoo yake katikati yao.

"Mimi mwenyewe nimemsokota mara nne," daktari alisema. "Nisamehe, mama. Nikifungua mdomo kabla ya mtihani, sipiti."

"Mguu si wangu, mwanangu. Mwenye mguu unamjua. Ulimshika, hukumsalimia."

*

"Umekwenda kumchokoza Profesa?" fundi aliuliza hata kabla mkewe hajavua viatu.

"Soma."

Akampa daftari. Fundi alisoma kiuno, akasoma urefu wa sketi, akafika chini. Akarudia.

"Labda ni faili la mtu mwingine."

"Magoti ya Jumanne yako mangapi?"

Fundi akalifunga daftari taratibu, akaliweka juu ya paja. Akaugeuza mkongojo wake mikononi.

"Alinipa mkono, mama watoto," alisema. "Mbele ya madaktari wote. Miaka ishirini nimepiga kuta za watu, hakuna siku mtu amesema, fundi, unajua kitu. Yule alisema."

Mshonaji alikuwa amejiandaa kwa ubishi, hata kwa matusi. Sasa akavua viatu. Akakaa chini karibu na mguu wenyewe, akamweleza habari ya gegedu kama alivyoelezwa: kitambaa, meno ya mifupa, kushona, kukata.

"Ijumaa nitakaza," fundi akasema mwishowe. "Wavute mpaka wang'oke mabega."

"Ukikaza, wataandika umepona."

"Basi tusiende."

"Tusipokwenda tunarudi mwisho wa foleni, na tarehe yetu imebaki kwenye vipimo vya sketi."

"Sasa unasemaje?"

"Twende. Mimi nitavaa nguo yangu ya ibada."

Siku hizo zote hadi Ijumaa, alfajiri, alipiga magoti nyuma ya pazia kama kawaida. Maneno yake ya zamani yalikataa kutoka. Yalikuwa yameshikwashikwa na watu wengi mno. Alikaa kimya tu mbele ya Mungu, mikono mapajani, akisubiri apewe mengine.

*

Watahini walikuwa wawili: bwana mrefu mwenye mafua, na daktari mzee wa kike, mfupi, aliyevaa saa ya kiume. Watahiniwa waliingia mmoja mmoja. Kwa bahati mbaya ya fundi, wa kwanza alikuwa yule jamaa wa mabega mapana.

Aligusa tu, mguu ukakaza. Fundi hakukusudia. Goti lenyewe lilimkumbuka mtu wake.

"Tulia, Golikipa," Profesa alisema kwa tabasamu la wageni. "Waheshimiwa, mtaona jambo la kuvutia, ni mbinu yetu ya hapa hapa. Mama, ile dua."

Mshonaji aliikunja suruali ya mumewe, akaiweka juu ya kiti. Kisha, badala ya kuinama sikioni, alisimama wima.

"Naomba tuinamishe vichwa," alisema.

Daktari mzee aliinamisha. Bwana wa mafua akafuata. Profesa, alipoona wageni wameinama, hakuwa na budi. Jamaa wa mabega akabaki ameshika mguu, kidevu kifuani.

"Bwana, mwili huu ni wako. Uliuumba upande majukwaa ya ujenzi na kupiga lipu nyumba za watu. Tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita uliandikiwa kupasuliwa, na wewe uliiona kalamu nyekundu iliyoifuta tarehe hiyo. Uliyaona maneno, nami nimeyanakili: Ahirisha. Kielelezo bora. Abaki hivi hadi mtihani upite. Yako kwenye faili, ukurasa wa nne. Wiki iliyopita ulisikia kitu kikichanika ndani ya goti hili, na waliosikia wakapanga foleni wasikie tena. Wasamehe waliokuja kujifunza, kwa sababu waliagizwa. Aliyewaagiza nakuachia wewe, mimi simuwezi. Legeza palipokaza. Amina."

"Amina," jamaa wa mabega akaitika kwa mazoea, kisha akatamani kuirudisha.

Profesa alikuwa ameinua kichwa tangu katikati, lakini nani angeikatiza sala mbele ya wageni? Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

"Naomba faili," daktari mzee akasema.

"Daktari, huyu mama ana uchungu, tumwelewe. Watahiniwa kumi na mmoja wanasubiri nje."

"Faili, Profesa."

Akafungua ukurasa wa nne. Akasoma bila haraka, akampa mwenzake. Kisha akasogea kwenye kitanda, akasimama mahali ambapo fundi angeweza kumwona uso.

"Habari yako, baba. Hili goti limewahi kukukwama?"

Fundi alitazama nyuma ya mgongo wake, kana kwamba kuna baba mwingine.

"Wiki iliyopita, Jumanne," alisema. "Na tangu hapo kila asubuhi, nikiamka."

"Vaa suruali yako. Mtihani utaendelea bila wewe."

*

Hakuna aliyefukuzwa kazi. Profesa aliandika barua ya maelezo ya kurasa mbili kuhusu taratibu za ufundishaji, ikapokelewa. Watahiniwa wote kumi na wawili walipita, wa mabega na wa miwani pia. Fundi alipasuliwa Alhamisi iliyofuata, na daktari mwingine kijana, ambaye baadaye alikaa kwenye ukingo wa kitanda akawaambia ukweli bila kuupaka sukari. Kano wameweka nyingine. Gegedu lilikuwa limeraruka vibaya, zaidi ya nusu wamelikata.

"Mngekuja ile tarehe kumi na nne," alisema, akasita, "wakati ule kulikuwa hakuna cha kukata. Atatembea vizuri. Jukwaani asipande tena."

Msimamizi alimpa kazi ya kukaa stoo, chini, kuhesabu mifuko ya saruji inayopanda kwa wengine. Ujira ni nusu ya ule wa zamani. Wakati mwingine fundi hutoka nje, hutazama juu kwenye ukuta wa ghorofa ya tatu, huona palipopigwa vibaya, hurudi ndani.

Ile kaptura mshonaji aliifumua. Lastiki aliitia kwenye sketi ya shule ya binti yao. Kitambaa hakutaka kukiona kikikatiza mbele yake, akakichoma pamoja na takataka.

Alasiri moja, mwezi wa tatu baada ya upasuaji, simu ya fundi ililia. Mkono wake ulikuwa na vumbi, akaiweka kwenye spika.

"Halo, hapo ni kwa Goti la Jumanne?" Ilikuwa sauti ya muuguzi wa kliniki, nyuma yake korido ikivuma. "Profesa anawasalimia sana. Kundi jipya limeanza. Anasema sasa una kovu zuri, na goti lenye gegedu lililokatwa, vijana wangefaidika sana kulishika. Chai ipo."

Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Hakumwangalia mumewe, aliogopa kuuona tena uso ule uliokula vipande viwili vya mkate.

"Dada," fundi alisema, "unamtafuta nani?"

"Si nimesema, goti la..."

"Goti halipokei simu. Unamtafuta nani?"

Kisha, "Subiri, subiri kidogo niangalie," na upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa, moja baada ya nyingine, bila kukoma.

Fundi akaiweka simu mezani, akaunyoosha mguu wake chini ya meza, akasubiri aitwe kwa jina lake.